Hostia kwenye pindo la kanga

Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi.

Mimi ni mama wa miaka 59, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naishi juu ya Moshi, kule lami inakoishia na migomba inakoanza. Mwaka jana kabla ya Kwaresima Paroko alinichagua mimi na wenzangu wanne tuwe wahudumu wa Komunyo. Tulisoma Jumamosi kadhaa, tukapewa barua ya utume yenye muhuri wa jimbo, tukasimamishwa mbele ya waamini tukaombewa. Nilipangiwa kaya sita za wagonjwa na wazee wasioweza kutoka. Kila Dominika baada ya Misa ya kwanza Padre ananihesabia Hostia sita, yaani mikate ya Komunyo iliyowekwa wakfu, naziweka kwenye piksi, kile kikebe kidogo cha kubebea Ekaristi, naivaa shingoni ndani ya mfuko wake, naanza kupanda mlima.

Kaya ya nne ndiyo iliyoniletea haya. Kuna Bibi aliyevuka miaka 80, na kumbukumbu zimemtoka zamani. Wanawe hawatambui. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha fariki. Lakini nikiinua Hostia na kusema "Mwili wa Kristo", anajibu "Amina" kama mtu mwenye akili zake zote, hadi mwili unanisisimka. Anayemtunza ni mkamwana wake, mke wa kitindamimba, ndiye aliyeachiwa kihamba, yaani shamba la ukoo, pamoja na Bibi wake. Huu ni mwaka wa tatu. Mume yuko Dar es Salaam, anapanda Desemba kama wengine.

Tangu Pentekoste Bibi amebadilika. Anafungua mdomo, anajibu, ila hamezi. Sikulijua hilo. Nikitoka kwake nina kaya mbili mbele na jua limeshapanda, kwa hiyo nikimaliza sala ya mwisho naondoka. Wiki tano zilizopita mkamwana alinikimbilia njiani na kikombe cha plastiki mkononi. Alikuta Hostia imeganda kwenye pindo la kanga ya Bibi, imelowa mate, akaiweka kikombeni na kuongeza maji. Akaniuliza, "Mwalimu, hii naifanyaje?"

Shangazi, nilichanganyikiwa nikamfokea. Nilimwambia, kazi yako ni moja tu ya kumwangalia, umeshindwaje kuangalia mdomo wa mtu mmoja? Akalia. Nikachukua kikombe nikaenda nyuma ya nyumba, mahali watu hawapiti. Nikakaa pale nikikizungusha mpaka sikuona tena kipande, nikayamwaga maji yale kwenye shina la mgomba, nikasuuza kikombe mara mbili na kumwaga palepale. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Nikamweleza katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo nikidhani atanipa moyo. Akasema nimeutupa Mwili wa Bwana shambani, na dhambi hiyo Paroko hawezi kuiondoa, mpaka Roma. Akaongeza kuwa ndiyo maana tangu mwanzo yeye hakutaka walei, waamini wasio mapadre, waishike Ekaristi kwa mikono isiyopakwa mafuta ya upadre. Sasa jumuiya nzima inajua.

Tangu siku ile sijaingia kwa Bibi. Napita kwenye ua wao nikiharakisha. Hostia yake nairudisha tabernakulo, ile sanduku ya kutunzia Ekaristi kanisani, na Padre akiuliza namwambia nilimkuta amelala. Dominika ya nne hii. Mkamwana naye sijui ananifikiriaje. Kabla ya haya yote aliwahi kuniuliza kama naye anaweza kupokea palepale nyumbani, nikamjibu Hostia zimehesabiwa, na yeye ni mzima, aje kanisani kama sisi. Labda ana kinyongo tangu hapo.

Je, nimejifungia mbingu? Bibi aendelee kupewa, au tumwachie rozari yake tu? Na mimi nirudishe barua ya utume kabla sijanyang'anywa?

Mhudumu mwenye hofu, Kilimanjaro

*

Milele amina, Mwalimu.

Nianze na ule mgomba, maana naona ndio unaokunyima usingizi.

Katika sakristia nyingi za zamani, vile vyumba vya kanisa wanamovalia mapadre, kuna sinki dogo au shimo linaloitwa sakrario. Bomba lake halielekei kwenye maji machafu, linashuka moja kwa moja ardhini. Hapo humwagwa maji yaliyosuuzia vyombo vitakatifu, na hapo ndipo inapoishia Hostia iliyoharibika, ikishaachwa kwenye maji mpaka ikayeyuka. Kanisa linafundisha kwamba Kristo yumo katika Ekaristi kwa muda wote maumbo ya mkate na divai yanapodumu. Umbo likitoweka kabisa, kilichobaki ni maji, nayo yanarudishwa ardhini kwa heshima mahali pasipokanyagwa. Sasa jisome tena ulichoandika. Ulingoja hadi hukuona kipande, ukaenda pasipopitwa na watu, ukasuuza kikombe mara mbili. Ningekuwa jirani ningekuambia usiwe na haraka, ukifunike kikombe, ukiache hata usiku kucha, kisha umpelekee Padre amalizie mwenyewe. Lakini hukukosea njia. Na kwa siku nyingine ujue kwamba hulazimiki kuila Hostia iliyotoka mdomoni mwa mtu. Nimeona wahudumu wakijilazimisha hivyo kwa hofu tu.

Hilo la Roma katibu wako hakulitunga, ila amelipachika pasipo pake. Kanuni ya 1382 ya Sheria za Kanisa, yenye adhabu ambayo kuondolewa kwake ni kwa Roma, inamlenga anayezitupa Hostia zilizowekwa wakfu, au anayezichukua na kuzitunza kwa nia ya kufuru. Mwaka 1999 Vatikani ilifafanua kwamba kutupa kunakosemwa ni tendo la makusudi la dharau kubwa. Mtu anayesuuza kikombe mara mbili huku mikono ikitetemeka anadharau nini? Katibu aandike muhtasari wa vikao. Dhambi za watu azipishe.

Na mikono isiyopakwa mafuta? Ruhusa ya walei kusaidia kugawa Komunyo ilitolewa kwa Kanisa zima tarehe 29 Januari 1973, wakati wa Papa Paulo VI, kwa hati ya Immensae Caritatis. Katibu amepata nusu ya ukweli: kazi hii ni ya mapadre na mashemasi, nanyi mnaitwa wahudumu wasio wa kawaida kwa sababu hiyo. Mnaingia pale wao wasipotosha. Ila ukiwa na padre mmoja, vigango kadhaa na Misa tatu kila Dominika, wagonjwa wa mlimani nani angewafikia? Tangu karne ya 2, Mtakatifu Yustino aliandika kwamba baada ya Misa mashemasi huwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuwepo. Bibi yako ni mmoja wa hao ambao hawakuwepo.

Kwa hiyo swali lako la pili nakujibu bila kuzunguka: apewe. Watu hudhani kwamba aliyepotewa na kumbukumbu hajui tena anachopokea, basi aachwe. Papa Benedikto XVI, katika waraka wa Sacramentum Caritatis wa mwaka 2007, aliandika kuhusu wenye ulemavu wa akili kwamba wapewe Komunyo kila inapowezekana, wakiwa wamebatizwa na kupewa Kipaimara, kwa sababu wanaipokea pia katika imani ya familia au jumuiya inayowasindikiza. Na huyu wako bado anaitika "Amina" mwenyewe. Sala zilizomezwa utotoni mara nyingi ndizo za mwisho kumtoka mtu. Siku atakayofumba mdomo au kugeuza uso, usimlazimishe. Kaa naye, sema naye Baba Yetu polepole, mwombee Komunyo ya tamaa, yaani ampokee Kristo moyoni bila Hostia, nenda. Wiki ijayo jaribu tena.

Tatizo lake ni koo, na koo lina namna yake ya kushughulikiwa. Hatakiwi kupewa Hostia nzima. Mmegee kipande kidogo, kama punje ya mchele. Kristo yumo mzima katika kipande hicho. Aketishwe wima, asipewe akiwa amelala chali. Mdomo mkavu haumezi, kwa hiyo unaweza kulowanishwa kwanza, na kipande kikawekwa kwenye kijiko chenye maji kidogo. Ila hapo kwenye maji nenda kwa tahadhari. Wazee wa hali hii wengine hupaliwa na maji matupu kuliko na kitu kizito, na kupaliwa kunaweza kuwapeleka hospitali. Kukiwa hakuna kinachopita kabisa, mwambie Paroko. Sheria ya Kanisa inaruhusu mgonjwa kupokea kwa umbo la divai peke yake, matone machache, lakini hilo ni la Padre kulipanga, usilianzishe wewe.

Je, Bibi wako anapaliwa na maji? Saa ngapi anakuwa macho vizuri? Anameza vyema kabla ya kula au baada? Mimi sijui, na wewe hujui, na hata daktari akija leo atabahatisha. Kuna mtu mmoja anayejua, kwa sababu ndiye anayemlisha mtori kijiko kwa kijiko, asubuhi na jioni, mwaka wa tatu sasa. Yule uliyemfokea.

Mwalimu, hapa nitakusema kidogo, nawe univumilie. Katika barua yako yote nimetafuta mtu asiyeweza kutoka nyumbani, nikawakuta wawili. Wewe umemhesabu mmoja. Ulipomwambia mkamwana "wewe ni mzima, njoo kanisani", Bibi ungemwachia nani? Mume yuko Dar. Mawifi na mashemeji huenda wanapiga simu kuuliza kama mama yao anakomunika. Sidhani kama kuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza yeye. Anayemuuguza mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake hana kosa asipofika Misa ya Dominika, hilo alijue na apumue. Lakini kutokuwa na kosa hakushibishi. Alikuomba chakula ukamjibu habari za hesabu.

Kanisa lilimfikiria kabla yako. Ile hati ya 1973 niliyoitaja ililegeza mfungo wa kabla ya Komunyo kwa wagonjwa na wazee, na ikawataja papo hapo wale wanaowahudumia. Leo imo katika kanuni ya 919: wazee, wagonjwa na wanaowatunza wanaweza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa moja iliyotangulia. Asingetajwa kwenye sheria ya mfungo kama haikutarajiwa apokee. Ibada yenyewe ya Komunyo ya wagonjwa inawaruhusu waliopo nyumbani kupokea pamoja na mgonjwa. Kwa hiyo Dominika moja kabla muulize, kisha mwambie Padre akuhesabie saba. Kama kuna jambo linalomzuia, la ndoa au lolote, hilo ni lake na padre. Usimhoji jikoni. Padre akipanda kumpa Bibi Mpako wa Wagonjwa, na aitwe mapema, msingoje Bibi awe wa kukata roho, atapata nafasi ya kumsikiliza mkamwana pia.

Na hilo la mfungo nina shaka nalo jingine. Kaya ya nne unaifikia saa ngapi, saa nne na nusu? Saa tano? Upo uwezekano kwamba mkamwana humzuilia Bibi uji wake tangu alfajiri, akiamini lazima afunge mpaka ufike. Mzee wa miaka 80 aliyekaa na njaa hadi saa tano anasinzia, mdomo umekauka. Mwambie amlishe. Na badilisha mzunguko wako, Bibi awe wa kwanza au wa pili, kwa saa ambayo mkamwana atakuambia kuwa ndiyo yake.

Kuhusu mwendo. Niliifanya kazi hii miaka 11 kabla magoti hayajanisaliti, na aibu yangu nitakuambia. Siku moja nilipita dukani kununua sukari, piksi ikiwa shingoni. Nilikuwa nimelipa na kungoja chenji ndipo nikakumbuka nimembeba nani. Maagizo ya mwaka 2004, Redemptionis Sacramentum, yanataka tutoke Ekaristi inapotunzwa twende moja kwa moja kwa mgonjwa, tukiacha shughuli nyingine zote. Na kwetu kumpita mtu bila salamu ni tusi, najua. Mimi nilizoea kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Baada ya miezi miwili njia nzima ilishaelewa, hata vijana wa bodaboda walikuwa wakizima redio. Basi haraka yote imalize njiani. Ukishaingia ndani, tulia. Wewe, kwa ulivyoandika, unaharakisha pale palipohitaji kutulia. Kaa mpaka ameze. Mwombe afungue mdomo uone, bila haya, kama unavyomfanyia mtoto. Kama kaya sita ni nyingi kwa mtu mmoja anayepanda kwa miguu, na nadhani ni nyingi, mwambie Paroko azigawe upya. Kaya nne zilizotulia zinatosha.

Paroko. Hapa ndipo penye kosa lako halisi, na si pale mgombani. "Nilimkuta amelala", Dominika nne mfululizo, ni uongo, na umemkosesha mgonjwa Komunyo kwa mwezi mzima ili wewe usione aibu. Nenda kaungame, ndiyo, lakini kwanza nenda kwa Paroko ukiwa mhudumu wake, umweleze kikombe, mgomba na hizo Dominika nne. Usipeleke barua ya utume mkononi. Ukimpelekea barua utakuwa umemlazimisha azungumzie kujiuzulu kwako, wakati jambo lililopo mezani ni namna ya kumlisha Bibi. Akiona inafaa upumzike, atakwambia yeye. Mapadre ninaowajua wangekasirishwa zaidi na ule uongo kuliko na kikombe.

Halafu muombe jambo moja, au usimwombe, lipeleke mwenyewe kwenye jumuiya siku ya sala ya wiki: zamu. Akina mama wanne wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania, kila mmoja Dominika moja kwa mwezi, anakwenda kukaa na Bibi saa mbili ili mkamwana avae, ashuke, akaisikilize Misa akiwa kati ya watu, aimbe, akutane na wenzake pale nje baada ya Misa. Komunyo ya nyumbani ni njema, lakini mwanamke aliyefungiwa na kazi ya kuuguza miaka mitatu anahitaji na ile njia ya kushuka. Aliyeisambaza habari ya mgomba jumuiya nzima ana mdomo wa kuisambaza na hii. Mpe katibu kazi hiyo.

Umeuliza kama ana kinyongo. Sijui. Alipoikuta Hostia kwenye kanga angeweza kuikung'uta nje pamoja na makombo, na usingejua maisha yako yote. Aliitia kwenye maji, akatoka mbio barabarani kukutafuta. Nani alimfundisha maji? Hakuna. Na zawadi yake ikawa kufokewa mbele ya wapita njia.

Jumamosi hii panda kwao bila piksi. Mkute jikoni, siku yoyote atakuwa jikoni. Mwombe radhi kwa maneno machache. Akinyamaza, nawe nyamaza. Kisha mwombe akuonyeshe anavyomlisha Bibi: anamketishaje, kijiko anakijaza kiasi gani, anajuaje kwamba ameshameza. Kama Bibi atakuita kwa jina la dada yake, itika. Na kama mkamwana atakuwekea chai, kaa uinywe mpaka iishe.